KONA YA WAZAZI NA VIJANA: «Papa anakatala coupe-couture»



Mwezi huu nimeweka kando habari niliyokuwa nimetayarisha, sababu barua moja imenifikia kutoka Likasi. Ni ya binti aliyemaliza mwaka wa 8, na kabla ya mwezi wa 9 lazima achague section ya humanités. Anaandika hivi: «Pasta, miye minapenda coupe-couture. Papa anakatala. Anasema: Niliteseka mu mine miaka 22, juu mutoto wangu ashone manguo ya batu? Anataka niingie ku électricité. Kama hapana, hatalipa.» Mwishoni anauliza jambo dogo: akipata franka siku moja, anunue mashini ya namna gani? Hilo nitalijibu mwisho.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mzazi mmoja wa kanisa letu aliniuliza neno kama hili, nami nikamjibu kwa kicheko kwamba coupe-couture ni ya wale walioshindwa hesabu. Mtoto akapelekwa commerciale, akaacha katikati. Leo anashonea watu mlangoni pa nyumba yao. Mkono wake ni mzuri, lakini mteja akileta kitambaa asichokijua anaogopa kukikata, na bei ya kazi anaikisia tu. Kila nikipita pale ananisalimia kwa heshima, «Jambo Pasta», nami natazama chini.

Kwa hiyo safari hii sikutaka kujibu kutoka kichwani. Nilimwomba mwalimu mmoja wa coupe-couture ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake, siku tatu.

Siku ya kwanza hakuna mashini hata moja iliyozunguka. Watoto walikuwa wanahesabu. Kama mama ana sentimeta 100 kwenye nyonga, nusu ya mbele ya sketi yake inachorwa kwa robo ya kipimo kile, ni kusema 25, na kuongeza sentimeta 1 ili aweze kukaa na kutembea bila kupasua. Kisha kiuno, kisha mikunjo ya kupunguza upana kati ya nyonga na kiuno. Yote yanachorwa kwenye karatasi, na karatasi ile inaitwa patron. Kosa la nusu sentimeta kwenye robo ni sentimeta 2 kwenye mwili mzima. Lile neno langu la «walioshindwa hesabu» lilikufa siku ile.

Siku ya pili walichoma nyuzi. Mwalimu aliwagawia vipande vidogo na kiberiti. Uzi wa pamba unawaka kama karatasi, harufu yake ni ya karatasi, na majivu yake ni laini, ya kijivu. Polyester inayeyuka, inajikunja, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Sufi inanuka kama nywele zilizoungua. Fundi anayejua hivyo anajua pia pasi iwe na moto gani, na kwamba pamba mpya ni vizuri kuilowesha na kuikausha kabla ya kuikata, juu inaweza kurudi ndani kwenye maji ya kwanza. Mangapi ya magomvi kati ya mama na fundi yametoka hapo!

Papa wa Likasi, hapa ninasema na wewe. Umefanya kazi kwenye mine, unamjua soudeur. Unajua kwamba nguo ya polyester ikipata cheche inayeyuka na kushikamana na ngozi. Ndiyo sababu mtu wa kuchomelea chuma anapewa salopette ya pamba nzito ao ya kitambaa kilichotengenezwa kisishike moto. Yule anayechagua kitambaa kile, anayejua mshono gani unashonwa mara mbili na ukanda wa kung'aa unakaa wapi, alijifunza mahali fulani. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi maelfu ya watu wanavaa salopette kila asubuhi. Sisemi binti yako atapata soko la kampani kesho. Ninasema kazi ya nguo na kazi yako si mbali kama unavyofikiri.

Na vikwembe je? Wax ya kweli inapigwa resini pande mbili kabla ya kuingia kwenye rangi, kwa hiyo mbele na nyuma ni karibu sawa, na ile mistari midogo kama nyufa haifanani kabisa toka mahali hata mahali. Namna hii Waholanzi waliichukua kutoka batiki za Java. Vlisco ya Helmond ilianza mwaka 1846. Kitambaa cha kuiga kinachapwa mara nyingi upande mmoja tu, na nyuma yake ni hafifu. Mama anayejua kugeuza kitambaa sokoni hadanganywi kwa bei. (Mke wangu alisoma maneno haya kabla ya kupigwa chapa, akasema alijua tangu zamani. Vema.)

Siku ya tatu ilikuwa ya kupanga patron juu ya kitambaa, na hapo ndipo nilipoelewa franka zinapopotea. Fikirini kwaya ya watu 30. Kama kila nguo inapangwa vizuri na kuokoa sentimeta 20 tu, kwa watu 30 ni mita 6. Mita 6 zinapita kile kikwembe kizima cha yadi 6 ambacho mama zetu wananunua. Asiyejifunza anazitupa chini ya meza kama vipande.

Lazima niseme pia ugumu, nisije nikawadanganya vijana. Nguo kuukuu za Bulaya na nguo mpya za China zinauzishwa kwa bei ambayo fundi hawezi kuifuata. Zamani katika Katanga yetu tulikuwa na pamba ya kaskazini, na Kalemie ilikuwa na kiwanda cha Filtisaf kilichosokota nyuzi na kufuma vitambaa. Kiwanda kile kilikufa. Leo kitambaa tunakinunua nje. Kwa hiyo anayetaka kushona shati la kila siku kushindana na soko atachoka. Riziki iko pale ambapo nguo lazima imfuate mtu ao kikundi: bleu-blanc ya wanafunzi kila mwanzo wa mwaka, kwaya, arusi, vikwembe vya mama siku ya 8 Machi, mtu mnene, mtu mwenye kilema ambaye hakuna nguo ya soko inayomwenea.

Na wavulana msijifiche. Pitieni soko la commune Kenya pale Lubumbashi, mhesabu wanaume waliokaa kwenye mashini. Sokoni tunaona ni kazi ya mwanaume, shuleni tunasema ni section ya wasichana. Mimi sijui tunapotosha wapi akili.

Sasa njia yenyewe. Coupe-couture ni humanités kama zingine: miaka 4, kisha Examen d'Etat, na kwa sababu ni section ya ufundi kuna pia jury ya kazi ya mikono. Mwenye diploma anaweza kuendelea. Kule Kinshasa kuna Institut Supérieur des Arts et Métiers, ISAM, inayofundisha mambo ya mavazi. Kwa hiyo, Papa, mlango haufungwi kama unavyoogopa. Lakini mbele ya kulipa, nenda wewe mwenyewe ukaone ile shule. Hesabu mashini zinazotembea, si zile zilizofunikwa vumbi, na uulize wanafunzi wangapi wanagawana moja. Omba daftari la mwanafunzi wa mwaka wa 3: kama hakuna patron wala hesabu ndani, pale watoto wanapoteza miaka. Mchukue binti mwende pamoja. Na ukiona yote ukakataa bado, uniandikie sababu yako, nitaiweka hapa bila kuikata.

Binti yangu, juu ya mashini: anza na ya miguu. Umeme wetu mnaujua. Chagua ya chuma, hata kama ni ya zamani, ilimradi vipande vyake vinapatikana sokoni, na uijaribu mbele ya kulipa kwa kitambaa ulichokileta mwenyewe, si kile cha muuzaji. Sindano ya namba 14 inatosha kwa vikwembe, 16 ao 18 kwa jini na salopette. Na mafuta kidogo kila posho.