Kumbukumbu Inayosahau Haitajenga Intaneti ya Kwantamu

Haya basi, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki jana muuzaji mmoja alikuja ofisini na slaidi zake. Akamwambia bosi kwamba intaneti ya kwantamu iko mlangoni, itapeleka data haraka kuliko mwanga, na tukitoa pesa sasa hatutaachwa nyuma. Pesa zenyewe ni zile tulizotenga kununua seva ya akiba. Bosi akanigeukia: "Wewe si ndiye ulisomea mambo haya? Unasemaje?"

Nasema hivi. Kwanza, hakuna ujumbe unaopita kasi ya mwanga. Fotoni mbili zilizofungamana zikipimwa, kila upande huona matokeo ya bahati nasibu. Uhusiano wake huonekana tu mkilinganisha matokeo kwa njia ya kawaida, simu au barua pepe. Hapo slaidi ya tatu imekufa.

Pili, waya. Nyuzi nzuri za kioo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 500, karibu Nairobi hadi Mombasa, ni desibeli 100: katika fotoni bilioni 10 inafika moja. Sisi tuliozoea TCP tutasema, pakiti ikipotea tuma nakala nyingine. Lakini mwaka 1982 Wootters na Zurek walithibitisha kwamba hali ya kwantamu usiyoijua hainakiliki. Ndiyo maana mwaka 1998 Briegel, Dür, Cirac na Zoller walipendekeza vituo vya njiani: igawe njia vipande, fungamanisha kila kipande, kisha unganisha.

Shida ni kwamba jozi hizo hutoka chafu. Dawa yake ilitolewa mwaka 1996 na Bennett na wenzake: kuzikeneka. Anayejua chang'aa inavyopikwa ameshaelewa nusu: pipa zima la pombe hutoa chupa chache zenye nguvu. Mnachukua jozi mbili, kila upande unagusanisha nusu zake, jozi moja inapimwa, mnapigiana simu. Matokeo yakilingana mnabaki na jozi safi zaidi. Yasipolingana mnatupa zote.

Hesabu hii nimeifanya mwenyewe. Jozi mbili zenye usafi wa 0.75 hutoa moja ya takriban 0.79, na jaribio hufaulu mara 72 kwa 100. Ni faida ndogo, lakini ni faida.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji hakuligusa. Jozi mbili hazizaliwi pamoja. Ya kwanza hukaa kwenye kumbukumbu ikisubiri mwenzake, na kumbukumbu hizi husahau. Tuseme ile ya kwanza imeoza kutoka 0.75 hadi 0.60. Ukiikeneka na mpya ya 0.75, unapata takriban 0.70. Yaani umechoma jozi mbili ukapata moja mbovu kuliko ile mpya uliyokuwa nayo mkononi! Na usisahau ile simu: kwa kilomita 500 za nyuzi, mwanga huchukua kama milisekunde 2.5 kwenda upande mmoja tu.

Kuna watakaosema hayo ni mambo madogo ya uhandisi. Wawaulize watu wa Delft, Uholanzi. Mwaka 2017 walikeneka mfungamano kati ya vituo viwili vya almasi, elektroni ikitengeneza jozi na kiini cha kaboni-13 kikiihifadhi. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Vituo vilikuwa mita mbili hivi kutoka kimoja hadi kingine, na kila jaribio la kutengeneza jozi ya pili lilisumbua ile iliyohifadhiwa. Kumbukumbu ndiyo shughuli yenyewe, jamani.

Sipingi utafiti. Ningekuwa na maabara ningelala humo. Ninachopinga ni kuuziwa maabara kana kwamba ni bidhaa.

Kwa hiyo muuzaji akija kwenu, msimuulize ana kilomita ngapi wala kiubiti ngapi. Muulizeni mawili: kumbukumbu yako inadumu muda gani, na kutengeneza jozi moja kunachukua muda gani? Muda wa pili ukizidi wa kwanza, msindikizeni mlangoni kwa heshima.

Bosi bado hajaamua. Na sisi bado hatuna seva ya akiba.