Tequila Nayo Ilikuwa Gongo

Sisi waandishi wa Kiswahili tuna ndimi mbili linapokuja suala la pombe kali. Ulimi wa kwanza ni wa kuonja. Huo tunautoa kabatini ikitajwa wiski ya Uskochi, konyaki ya Ufaransa na, siku hizi, tequila ya Meksiko. Ulimi wa pili ni wa polisi, na huo tunautumia ikitajwa gongo. Sentensi yake kila msomaji wa magazeti anaijua kwa moyo: mtu fulani, mkazi wa mtaa fulani, amekamatwa akiwa na lita kadhaa za pombe haramu ya gongo pamoja na mtambo wa kuitengenezea. Nimefanya kazi ya habari hapa Musoma muda wa kutosha kujua sentensi hiyo ilivyo nyepesi kuandika. Haihitaji pua wala ulimi. Haihitaji hata kumuuliza aliyekamatwa alikuwa anapika nini, kwa mhogo wa shamba gani.

Nasema ndimi hizi mbili ni unafiki, na unafiki huu una watu wanaoulipia. Ili nieleweke, tuanze na hiyo tequila yenyewe, maana ndiyo inayotamba.

Tequila hutengenezwa kwa mmea mmoja, agave ya buluu. Tangu mwaka 1974 jina lenyewe limelindwa kisheria: ni la jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne ya Meksiko, basi. Mmea husubiriwa miaka 6, 7, hata zaidi. Mkataji, anayeitwa jimador, huyanyoa majani yote mpaka libaki gogo la mviringo lenye sura ya nanasi kubwa. Gogo hupikwa, hukamuliwa, juisi huachwa ichachuke, halafu huchemshwa na mvuke wake kupozwa, kwa kawaida mara mbili. Mitindo inaachana kuanzia hapo.

Ya kwanza ni blanco, yaani nyeupe. Haijaingia kwenye pipa kabisa, au imekaa chini ya miezi 2. Ukiinusa utapata kitu kama kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, halafu pilipili manga, halafu majani mabichi yaliyopondwa. Ya pili ni reposado, "iliyopumzika", ambayo imekaa kuanzia miezi 2 hadi chini ya mwaka kwenye pipa la mwaloni (naongelea mti, siyo mwalo wetu wa kushushia dagaa). Ukali umetulia, ila mmea bado unausikia. Ya tatu ni añejo, mwaka mmoja au zaidi kwenye mapipa yasiyozidi lita 600, na hapo vanila na sukari guru ndizo zinazoongea. Mwaka 2006 ikaongezwa extra añejo, ya miaka 3 kwenda juu. Halafu kuna cristalino, ambayo kwa kawaida ni añejo iliyochujwa kwa mkaa ili irudi kuwa nyeupe, sawa na mzee aliyepaka nywele piko. Chini kabisa kuna ile ya rangi ya dhahabu inayouzwa baa kwa toti. Hiyo mara nyingi ni ya mchanganyiko: sheria inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari yake itoke kwenye kitu kingine kisicho agave, na rangi yake huwa ya kuongezwa. Ndiyo inayoletwa na chumvi na ndimu, na kazi kubwa ya chumvi na ndimu ni kukusaidia usiisikie.

Mimi chaguo langu ni blanco, ile iliyoandikwa kwenye chupa kwamba ni agave asilimia 100, bila barafu, kwa mafunda madogo. Najua wajuzi wengi watanicheka. Wao huenda moja kwa moja kwenye añejo kwa kuwa ni ghali na inafanana na wiski waliyokwisha kuizoea. Lakini añejo inakusimulia zaidi habari za pipa, na pipa lenyewe mara nyingi lilishabeba wiski ya Marekani kabla ya kuja kubeba tequila. Blanco inakusimulia habari za mmea, udongo na mpishi. Haina pa kujificha. Mpishi akiharibu, funda la kwanza tu litamtaja. Reposado naiheshimu, na kama una mgeni anayeogopa ukali, mpe hiyo. Ila ukitaka kujua kama mtu anajua kupika, mwambie akupe nyeupe yake.

Sasa hebu tulia kidogo, msomaji. Kinywaji cheupe. Hakijalazwa kwenye pipa. Kimetokana na zao la shamba la jirani. Kimechemshwa na mtu anayejua lini amwage matone ya mwanzo, lini akinge yale ya katikati, na lini aache ya mwisho. Huko Jalisco mtu huyo ni fundi anayepigwa picha na watalii, na mashamba ya agave pamoja na viwanda vya zamani vya Tequila viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Huku kwetu mtu huyo ni mama anayepika usiku akisikilizia mlio wa pikipiki ya askari.

Tofauti yao imetoka wapi? Wengi watajibu haraka: ubora. Historia inakataa. Mwaka 1785 mfalme Carlos wa Tatu wa Uhispania alipiga marufuku pombe kali za huko Meksiko, zikiwemo za agave, ili mvinyo na brandi kutoka Uhispania vipate soko. Kwa miaka kumi hivi babu yake tequila alikuwa pombe haramu, anapikwa porini, anafichwa, kama gongo vilevile. Mwaka 1795, chini ya Carlos wa Nne, familia ya Cuervo ikapata kibali, na leo jina la Cuervo liko kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam na Nairobi. Uskochi nako ni hadithi hiyohiyo. Kabla ya sheria ya mwaka 1823 iliyopunguza kodi na kurahisisha leseni, sehemu kubwa ya wiski ya milimani ilipikwa kwa kificho. Sheria ilipobadilika, wahalifu wakageuka kuwa waasisi wa chapa.

Kwetu mkondo ulikwenda kinyume. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambao mataifa ya kikoloni yalisaini, ulibana pombe kali Afrika na kuzuia zisipikwe huku. Mzungu aliendelea na wiski yake klabuni, Mwafrika akakatazwa. Uhuru ulipokuja, katazo halikuondoka na Mwingereza. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu moshi, ambalo ndilo jina la gongo mahakamani, ilitungwa na serikali yetu wenyewe, iliyoongozwa na mwana wa Butiama, hapa hapa Mara. Tangu hapo kupika, kuuza, hata kukutwa nayo bila kibali ni kosa. Nani amewahi kumwona mama wa kijijini mwenye kibali hicho kimetundikwa ukutani?

Cha kuchekesha, kama kinachekesha, ni kwamba hata mmea tulikuwa nao. Mkonge ni ndugu wa damu wa agave ya tequila. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893, na miche 62 iliyopona safarini ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za katani na kuongoza dunia. Huku Kanda ya Ziwa mkonge umebaki ua wa kugawia mipaka ya mashamba, ng'ombe wanapita pembeni yake. Miaka yote hiyo tulifundishwa jambo moja tu kuhusu mmea huo: kamba. Sisemi mkonge ungetoa tequila, jina hilo lina wenyewe. Nasema mwenzetu aliutazama ndugu wa mmea huohuo akauona mezani, sisi tukauona bandarini ukisubiri meli.

Hapo ndipo fasihi inapoingia, na ndiyo sababu naandika haya kwa wapenzi wa vitabu badala ya kumwandikia mbunge. Kinywaji hakipati heshima kwa sheria peke yake. Kinahitaji maneno. Sisi maneno tulikuwa nayo.

Ng'ambo ya maji, ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya kule Bunda kwenda Ukerewe, ndiko alikotoka Aniceti Kitereza. Riwaya yake kuhusu Myombekere na Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe miaka ya 1940, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mkwe anapotakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mke wake, Kitereza hasemi tu "akapeleka pombe". Anaeleza kazi yenyewe kwa utulivu wa mtu anayeijua, na pombe inakuwa kipimo cha adabu, subira na undugu. Kisiwa hichohicho kikatupa Euphrase Kezilahabi, na mwaka 1971 *Rosa Mistika* ikatuletea Zakaria, baba mlevi anayeiangusha nyumba yake. Zakaria ni mhusika wa kweli, na kila mtaa wa Mukendo unaweza kukuonyesha mmoja. Lakini tazama tulichofanya baada ya hapo. Tulimchukua Zakaria tukamwacha Myombekere. Hadithi kwa hadithi, tamthilia kwa tamthilia, pombe ikawa na kazi moja tu: kuingia sura ya tatu, kuharibu ndoa, kutoka na funzo. Mnywaji wetu vitabuni hana ulimi, ana miguu ya kuyumba tu.

Wenzetu hawakuikimbia giza ya pombe. *Under the Volcano* ya Malcolm Lowry, ya mwaka 1947, inamfuata mlevi mmoja huko Meksiko hadi kifo chake, na mezcal imo ndani yake kama mhusika anayeogopwa. Lakini ukimaliza kitabu unajua alikunywa nini. Na Ngugi wa Thiong'o katika *Petals of Blood*, mwaka 1977, aliona mbali kuliko sote: theng'eta, kinywaji anachokijua bibi Nyakinyua, kinageuzwa kuwa mali ya kampuni, na wenye ujuzi wanaachwa nje ya geti.

Mtaani, wanywaji wenyewe hawajakosa lugha. Wanaiita machozi ya simba. Wanaiita supu ya mawe. Hizo ni sitiari zinazozidi nyingi ninazozisoma kwenye diwani za siku hizi. Wanajua ya mhogo na kimea inavyotofautiana na ya sukari, wanajua nyumba ipi inapika safi. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni mwandishi anayeusikiliza bila kushika pingu.

Najua jibu linalokuja: gongo inaua. Ni kweli watu wamekufa, wengine wamepofuka. Kabale, Uganda, mwaka 2010, na Kenya mwaka 2014, makumi ya watu walizikwa baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Silipuuzi hilo, wala sitetei ulevi. Lakini vifo vya halaiki vya namna hiyo kwa kawaida hutoka kwa mchuuzi aliyeongeza kemikali ya kiwandani ili apate faida, siyo kwa mhogo. Na methanoli hata kwenye tequila huwa imo kidogo. Tofauti ni kwamba kule kuna kiwango cha juu kilichowekwa na kuna mtu anayepima. Gongo inayopikwa gizani haipimwi na yeyote, na aliyeiweka gizani ni sheria. Halafu tusisahau viroba. Vilitoka viwandani, vina nembo, vimelipiwa kodi, na bado viliwamaliza vijana wetu mpaka serikali ikavipiga marufuku Machi 1, 2017. Kwa hiyo lebo peke yake si usalama, na sufuria peke yake si sumu.

Majirani wamejaribu njia zao. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliweka utaratibu wa leseni, pombe ya wapishi wa vijijini ikawa inauzwa kiwandani na kutoka huko ikaja waragi ya chupa. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010, na vifo vya 2014 vikaonyesha kwamba kuruhusu bila kupima ni nusu ya kazi. Tujifunze kwao. Kibali kiwe cha gharama ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuilipa, kipimo kifanyike wilayani, na jina la mpishi liandikwe kwenye chupa. Tukilikabidhi jambo hili kwa kampuni kubwa, Ngugi alishatueleza mwisho wake.

Hiyo ni kazi ya Bunge. Kazi yetu ni nyingine, na haisubiri muswada. Nyerere aliposhika kalamu kumtafsiri Shakespeare, alikuwa anathibitisha kwamba Kiswahili kinabeba chochote kinachobebwa na lugha nyingine. Basi kibebe na hiki. Wewe unayeweza kuandika aya nzima kuhusu harufu ya moshi kwenye wiski ya kisiwa ambacho hujawahi kukanyaga, andika aya moja kuhusu pombe iliyomlipia ada mwanafunzi wa darasa lako. Mpe mpishi wake jina la kubuni ili asikamatwe. Mweke na Zakaria kwenye meza hiyohiyo, usimfiche, lakini mwache na yule mama aongee: alianza lini, alifundishwa na nani, anajuaje kwamba matone ya kwanza ni ya kumwaga. Na wewe mwandishi wa habari mwenzangu, kabla hujaituma ile sentensi ya lita na mtambo, ongeza swali moja kwa aliyekamatwa, na jibu lake liandike.

Blanco nitaendelea kuinywa, na sioni aibu kuisifu. Ninachokataa ni kuisifu kwa maneno ambayo tumemnyima jirani yetu.