Tambaqui azidiwa soko na sato nyumbani kwake

WAFUGAJI wa samaki nchini Brazil wana samaki wa kwao anayekua haraka na kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Hata hivyo, anayeongoza katika mabwawa ya nchi hiyo ni sato, samaki mwenye asili ya Afrika.

Samaki huyo wa kwao ni tambaqui, ndugu wa piranha na spishi pekee katika jenasi ya Colossoma. Meno yake mapana hupasua mbegu na matunda yanayodondoka majini wakati Mto Amazon unapofurika na kuingia msituni. Huweza kufikia urefu wa mita moja na uzito wa kilo 30.

Utamu wake ndio uliomponza. Miaka ya 1970 soko la Manaus lilipokea maelfu ya tani kutoka mtoni kila mwaka, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka. Sheria ikakataza kuvua walio chini ya sentimita 55, na katika jimbo la Amazonas uvuvi wake hufungwa Oktoba hadi Machi, msimu wa kuzaliana.

Pengo hilo limezibwa na wafugaji, hasa wa jimbo la Rondônia. Mwaka 2020 Brazil ilivuna takriban tani 100,000 za tambaqui wa kufugwa. Sato walizidi tani 340,000.

Sababu ya kwanza ni miiba. Mnofu wa tambaqui una miiba midogo yenye umbo la Y, hivyo kiwanda hupata shida kuutoa ukiwa safi. Ya pili ni baridi, ambayo humzuia kustawi katika majimbo ya kusini kama Paraná, ngome ya sato.

Ya tatu ni vifaranga. Mtoni tambaqui husafiri ndipo azae. Bwawani hatagi mpaka achomwe sindano ya homoni. Mfugaji mdogo hana budi kununua vifaranga kila anapopandikiza upya, wakati sato huzaa wenyewe bwawani.

Wauzaji wamepata njia kwa kuuza mbavu zake nene za kuchoma, nao watafiti wamegundua tambaqui wachache waliozaliwa bila miiba hiyo, ambao wanaweza kuwa mbegu ya kesho.

Kwa mfugaji yeyote, kukua haraka pekee hakuuzi samaki. Kabla ya kuchimba bwawa, ni vyema aulize vifaranga watatoka wapi, na mnunuzi anataka samaki mzima au mnofu.