Wazo la Mmoja, Mkopo wa Kikundi

Na Mzee Qamara

Zamani, kabla Serikali haijapata afisa wa ubunifu, wahunzi wa Kidatoga walikuwa wakiyeyusha kufuli kuukuu na mabaki ya shaba wakafua bangili, na kwa misumari wakafua ncha za mishale ambazo Wahadzabe wa Yaeda Chini huzinunua kwa asali. Basi anayedai kuwa wilaya za Mbulu na Hanang zimepungukiwa na akili ya kubuni, na afike akajionee.

Kilichopungua ni rasilimali imfikiayo mwenye wazo kwa wakati wake. Wakati wa mavuno ya vitunguu swaumu, huko Bashay na Dongobesh, mchuuzi huja na lori na bei yake mfukoni, na mkulima aliyebanwa na ada ya shule hana hiari. Nimemwona mama mmoja wa pande hizo akikata vitunguu vipande vyembamba, akavianika juu ya wavu na kuvifunika kitambaa cheupe visiguswe na nzi, akavisaga, akautia unga katika vichupa vyenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Bidhaa safi, harufu kali, lakini kila duka la mjini humuuliza alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa insafu, sheria haikumsahau. TBS huwasamehe ada ya alama, kwa miaka mitatu ya mwanzo, wajasiriamali wadogo waliotambulishwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973. Na halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini ofisi ya SIDO iko mbali, Babati, na mkopo huo, ukiacha wenye ulemavu, hudai kikundi, ilhali maarifa ya kukausha kitunguu yamo kichwani mwa mtu mmoja, na wenzake walioandikwa ili kutimiza karatasi aghalabu huziwazia fedha za kugawana. (Huambiwa kuwa kikundi ni dhamana, naam, dhamana ya marejesho, si ya ufundi.) Wala benki si kimbilio la mchuuzi wa Katesh ambaye matope ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalimzolea duka na kila alichoweza kukiweka rehani.

Waheshimiwa madiwani, mtakapoketi kupitisha bajeti, tengeni fungu, japo dogo, la kumkopesha mbunifu mmoja mmoja, na mwombeni afisa wa SIDO aje Katesh na Dongobesh siku za mnada.