Mteja Amesingiziwa: Nani Aliua Pikapu Ndogo Marekani?

Pikapu ndogo ya bei nafuu ilipotea taratibu kwenye maduka ya magari ya Marekani, hadi Desemba 2011 kiwanda cha Ford cha St. Paul, Minnesota, kilipotoa Ranger ya mwisho na kufunga milango. Mwaka huohuo Dodge Dakota nayo ilikoma. Pikapu ya Mazda ilikuwa imetangulia mwaka 2009, na Toyota Tacoma na Nissan Frontier, zilizoanza maisha zikiwa ndogo, zilikuwa zimeshanenepa tangu matoleo ya 2005. Ukiuliza sababu, jibu ni lilelile kwa muuza magari, kwa mwandishi wa magazeti na kwa mnunuzi mwenyewe: watu walitaka makubwa, viwanda vikawapa walichotaka. Jibu hilo linapendwa kwa sababu halimlaumu mtu yeyote. Soko limesema, basi. Kasoro yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne soko hilo halikuachwa liseme.

Kwanza gari lenyewe. Pikapu ndogo ya miaka ya 1970, kama Datsun 620 au Toyota ya wakati huo, ilikuwa na injini ya silinda nne, kebini ya watu wawili, au watatu wakibanana, na urefu usiozidi sana mita nne na robo. Bodi yake ilikuwa chini kiasi kwamba mtu wa kimo cha kawaida, akisimama kando ya gurudumu la nyuma, alipitisha mkono juu ya ukingo na kuokota spana iliyolala sakafuni. Mfuko wa saruji uliingizwa bila kuuinua hadi kifuani. Ranger ya kwanza, iliyoanza kuuzwa kama toleo la 1983, ilikuwa na urefu wa mita 4.46 katika umbo lake fupi. Jina hilo liliporudi Marekani mwaka 2019 lilibandikwa kwenye gari la mita 5.35, refu kuliko F-150 fupi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo enzi zake ndiyo iliyohesabiwa kuwa pikapu kubwa.

Chanzo cha mkasa huu hakimo kwenye magari. Mwaka 1962 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipandisha tozo kwa kuku walioingizwa kutoka nje, na wafugaji wa Marekani, waliokuwa wakiijaza Ujerumani Magharibi kuku wa bei poa, wakaona soko lao linafungwa. Mazungumzo yakashindikana. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alitia saini tangazo la kulipiza kisasi: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi kutoka nje vingetozwa ushuru mkubwa kuanzia Januari 1964. Kwa malori kiwango kilikuwa asilimia 25. Aliyelengwa ni Volkswagen, iliyokuwa ikiuza Marekani pikapu na magari ya mizigo ya jamii ya kombi. Lakini kanuni za biashara ya kimataifa hazikuruhusu kuibagua nchi moja, hivyo ushuru ukawekwa kwa wote. Wajapani, ambao hawakuwa na kuku wala kifaranga katika ugomvi huo, ndio waliokuja kuulipia kwa muda mrefu zaidi. Bidhaa nyingine kwenye orodha hiyo ziliondolewa adhabu baadaye. Malori yalibaki, na yapo hadi leo. Gari dogo la abiria kutoka nje lilitozwa asilimia 2.5 kwa miaka mingi, pikapu asilimia 25. Tofauti ya namna hiyo huamua nani aje sokoni na nani abaki kwao.

Kama Wamarekani hawakuzitaka pikapu ndogo, waagizaji wasingehangaika kama walivyohangaika kuukwepa ushuru huo. Njia ya kwanza ilikuwa kuingiza chesisi na kebini tu, bila bodi, kwa ushuru wa asilimia 4, kisha kufunga bodi baada ya mzigo kushuka bandarini. Toyota ilikuwa na karakana ya bodi Long Beach, California, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata Ford na General Motors zilipita humohumo: Ford Courier ilikuwa Mazda iliyobadilishwa jina, Chevrolet LUV ilikuwa Isuzu. Kampuni zilezile ambazo baadaye zingesema mteja hataki pikapu ndogo zilikuwa zikizisafirisha kuvuka bahari ya Pasifiki vipandevipande ili zimfikie mteja huyo.

Subaru walipita njia nyingine. BRAT yao, iliyoingia Marekani mwaka 1978, ilifungwa viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, nje kabisa, vikitazama nyuma, na kila kimoja na vishikio vya mkono. Kwa viti hivyo gari lilihesabiwa kuwa la abiria. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu alipita: Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na moja kwenye ranchi yake California.

Mwaka 1980 forodha ya Marekani iliziba tundu la chesisi. Hapa wanaolitetea soko wana hoja nzuri, tena inafaa ijibiwe kwa makini. Baada ya tundu hilo kuzibwa, pikapu ndogo hazikufa, zilistawi. Chevrolet ilitoa S-10, Ford ikatoa Ranger, na Nissan ikajenga kiwanda Smyrna, Tennessee, ambako gari la kwanza kutoka mwaka 1983 lilikuwa pikapu. Ranger peke yake iliuzwa zaidi ya 348,000 mwaka 1999. Ushuru ulikuwepo muda wote huo. Utalaumiwaje?

Unalaumiwa kwa alichokosa mnunuzi baada ya hapo. Ushuru wa kuku haukukataza pikapu ndogo. Ulipunguza wanaoweza kuitengeneza hadi wakabaki wachache wenye viwanda ndani ya Amerika Kaskazini, na wachache hao wote waliuza pia gari kubwa lenye faida kubwa zaidi. Katika soko lililo wazi, kampuni inayoitelekeza pikapu yake ndogo hunyang'anywa wateja na mgeni. Hapa mgeni alizuiwa mlangoni. Ranger ndiyo mfano wa jambo hili. Baada ya mabadiliko ya 1998 iliachwa karibu ilivyo hadi inakufa, miaka kumi na mitatu, wakati F-150 iliundwa upya mara mbili ndani ya kipindi hicho. Mauzo yakashuka, yakafika kama 70,000 mwaka 2011, kisha takwimu hiyo ikatolewa kama ushahidi kwamba watu wamezichoka pikapu ndogo. Gari lililozeeka bila kuguswa, bila tangazo la maana, bado lilipata wanunuzi 70,000 katika mwaka wake wa mwisho. Kuna magari mapya kabisa ambayo yangeitamani idadi hiyo.

Ford ilikuwa tayari na Ranger mpya, iliyoundwa Australia na kutengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Sababu iliyotolewa ya kutoiuza Marekani ni kwamba ilikuwa imekaribia mno ukubwa wa F-150. Sababu hiyo inakubalika, ila inakiri jambo: chaguo lililofanywa lilikuwa kati ya pikapu kubwa na kubwa kidogo. Ndogo haikuwekwa mezani.

Ikaja sheria ya pili, nayo ilikuwa na nia njema. Tangu 1975 Marekani huwapangia watengenezaji wastani wa matumizi ya mafuta kwa magari yote wanayouza. Malori mepesi yalipewa kiwango chao, laini kuliko cha magari ya abiria, kwa kudhaniwa kuwa ni ya wakulima na mafundi. Mabadiliko yaliyoanza kutumika kwa malori mwaka 2008, na kwa lazima tangu 2011, yaliacha kutoa lengo moja kwa wote. Badala yake lengo likafungwa kwenye nyayo za gari, yaani eneo la mstatili unaochorwa na magurudumu manne: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mara upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Nyayo zikiwa kubwa, lengo hulegea. Zikiwa ndogo, hukaza.

Katika viwango vilivyotungwa mwaka 2012, kabla havijalegezwa mwaka 2020, lori jepesi lenye nyayo za mita za mraba 4 lilipangiwa kufikia toleo la 2025 likienda takriban kilomita 20 kwa lita moja. Pikapu kubwa yenye nyayo za mita za mraba 6.2 ilitakiwa kwenda kilomita 14 tu. (Hivi ni vipimo vya maabara, ambavyo barabarani havionekani.) Ranger ya zamani ya kebini fupi ilikuwa na nyayo za zaidi kidogo ya mita za mraba 4. Kwa hiyo gari la fremu ya chuma, lenye umbo la sanduku, lililoundwa kubeba matofali, lingetakiwa kutumia mafuta kama gari dogo la familia la hali ya juu, huku jirani yake lenye uzito wa karibu mara mbili likiachiwa. Mhandisi aliyepewa mtihani huo ana majibu mawili: kuingiza teknolojia ya gharama kwenye gari linalopaswa kuwa rahisi, au kusogeza magurudumu yaachane. Kusogeza magurudumu ni rahisi zaidi, na gari lililorefuka huuzwa kwa bei ya gari refu. Sheria ya kubana mafuta ikawa inawalipa watu kwa kukuza magari.

Sheria ya kodi nayo iliongeza lake. Mfanyabiashara anayenunua gari lenye uzito wa juu unaoruhusiwa, likiwa na mzigo, unaozidi pauni 6,000, yaani kilo 2,700 hivi, hafungwi na ukomo wa makato uliowekwa kwa magari mepesi, na anaweza kukata sehemu kubwa ya bei mwaka uleule wa kwanza. Pikapu ndogo ya zamani haikufika uzito huo. Fundi mwenye hesabu nzuri alishauriwa na mhasibu wake anunue kubwa, akahesabiwa baadaye kuwa mmoja wa walioipenda.

Mtihani wa kweli wa mapenzi ya mteja ulikuja Juni 2021. Ford ilitangaza Maverick, inayotengenezwa Hermosillo, Mexico, na hivyo kuepuka ushuru wa asilimia 25 kupitia mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini. Toleo lake la msingi lilikuwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwa bei ya kuanzia dola 19,995. Kufikia Novemba oda za gari hilo la petroli na umeme zilisitishwa kwa kuwa za mwaka mzima zilishajaa, na Januari 2022 Ford ikaacha kupokea oda zote za Maverick za mwaka huo. Mwaka 2024 ziliuzwa zaidi ya 130,000, karibu mara tatu ya Ranger kubwa. Bei haikubaki pale: toleo la 2025 lilianzia juu ya dola 26,000, na wanunuzi hawakukimbia.

Ushahidi mwingine unaonekana mashambani. Gari ambalo Dar es Salaam huitwa kirikuu, Suzuki Carry na ndugu zake wa Kijapani wenye injini ya sentimita za ujazo 660 na upana usiozidi mita 1.48, ambalo Kariakoo hubeba makochi, maji na mabati kutwa nzima, linaagizwa na wakulima na mafundi wa Marekani. Tofauti ni kwamba sheria ya 1988 inawabana: gari lisilotengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani haliingii kwa matumizi ya barabara mpaka litimize miaka 25. Baadhi ya majimbo yalikataa kuyasajili hata yakishafikisha umri huo, mpaka wenye magari walipopiga kelele. Texas ililegeza msimamo mwaka 2024. Mtu anayelipia meli imletee kigari cha robo karne, chenye usukani upande wa kulia, kisha akabishane na ofisi ya usajili apate namba, ni shahidi mgumu kwa anayedai kuwa magari madogo hayatakiwi.

Si kwamba imani hiyo haina hata chembe ya ukweli. Kuna kaya nyingi ambazo pikapu ndiyo gari lao pekee, na kwao milango minne na viti vya watoto si anasa. Kigari kama kirikuu hakifai kwa barabara kuu za Marekani, na kanuni za ajali zimeongeza uzito wa kila gari duniani. Hata bila ushuru, pikapu za sasa zingekuwa kubwa kuliko za 1975. Lakini hayo yanaeleza kwa nini pikapu kubwa zipo. Hayaelezi kwa nini ndogo hazipo kando yake, kama zinavyokaa pamoja Thailand au Brazili.

Maverick yenyewe inaonyesha kilichobaki bila kurudishwa. Ina milango minne tu, hakuna toleo la kebini fupi, na bodi yake ina urefu wa mita 1.37, kiasi kwamba fundi bomba mwenye mabomba ya mita tatu huyaacha yakining'inia nje zaidi ya nusu. Gari la watu wawili lenye bodi ndefu na tupu, la kufungwa chochote mwenyewe anachotaka, bado linatengenezwa. Toyota walilizindua Thailand Novemba 2023 kwa jina la Hilux Champ, kwa bei ya kuanzia baht 459,000, ambazo wakati huo zilikuwa kama dola 13,000. Likifika bandari ya Long Beach, ushuru wa 1964 peke yake ungeongeza karibu baht 115,000, kabla ya gharama ya kuliunda upya lifuate kanuni za usalama na moshi za Marekani. Toyota hawajalipeleka.