Je, Mpiga Gitaa Huzaliwa?

Muhula uliopita, nikiwa kiranja wa Chama cha Muziki, nilimkataa kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza. Nilimpigia sauti moja ya gitaa aifuate kwa kuimba, akakosa. Nikamwambia apige makofi kwa mwendo wa ngoma, akakosa tena. Wenzangu wakacheka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huna sikio la muziki, jaribu mpira." Akaondoka kimya. Leo nakiri mbele ya wasomaji wote kwamba nilikosea, na kwamba desturi yetu ya kuchagua watu siku ya kwanza haifai.

Aliyenifumbua macho ni Mwingereza aitwaye Robert Fripp, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Wimborne, kusini mwa Uingereza. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya King Crimson, mojawapo ya bendi zilizoanzisha roki ya progresivu, yaani roki yenye nyimbo ndefu na mwendo mgumu kuufuata. Fripp alipata gitaa akiwa na umri wa miaka 11. Mwenyewe amesimulia kwamba siku hizo hakuwa na sikio la muziki wala hakuweza kufuata mwendo. Tena ni mtu wa mkono wa kushoto, lakini alijifunza kupiga kwa mkono wa kulia. Angalikuja kwetu kujaribiwa, tungalimfukuza!

Yeye hakuacha. Alifanya mazoezi miaka mingi. King Crimson ilianza mazoezi Januari 1969. Julai mwaka huo huo ikapiga katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya watu mamia ya maelfu. Oktoba ikatoa santuri yake ya kwanza. Mwaka 1974 Fripp aliivunja bendi, na mwaka 1977 gitaa lake likasikika katika wimbo wa David Bowie uitwao "Heroes". Mwaka 1981 aliiunda King Crimson tena, nayo, ikivunjika na kurudi, ilipiga hadi mwaka 2021.

Linalonigusa zaidi ni ualimu wake. Mwaka 1985 alianza kuwafundisha watu gitaa huko Marekani. Wote walitakiwa kufunga nyuzi kwa sauti mpya, tofauti na zile za kawaida. Kwa hiyo hata fundi aliyezoea alilazimika kuanza upya, sawasawa na mgeni.

Wako watakaosema kwamba magitaa yetu ni manne tu, na wanaoyataka ni wengi. Ni kweli. Lakini uhaba wa magitaa ni sababu ya kupanga zamu, si sababu ya kuhukumu vipaji. Na wazazi wanaoogopa kwamba muziki utakula wakati wa masomo wafikiri hivi: kijana anayerudia jambo gumu kila siku mpaka aliweze, je, hajifunzi pia namna ya kuishinda hesabu?

Shauri langu ni hili. Kila atakaye apewe muhula mzima, kwa zamu ya dakika 20. Mwisho wa muhula tuchague, tukitazama bidii yake.

Nami nitaanza kwa kumtafuta kijana yule bwenini, nimwombe radhi, na nimwambie kwamba zamu ya kwanza ni yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu