Wenzako Wako Langoni: Uingie Kazini au Ubaki Nje?

Mwezi huu najibu barua ya dada muuguzi aliyeniruhusu kuizungumzia hapa bila kutaja jina lake wala kaunti yake. Anafanya kazi wodi ya wazazi. Chama chao kinazungumzia kutoa notisi ya mgomo, na wenzake wamekwisha kusema kwamba atakayeingia kazini atahesabiwa msaliti. Mume wake anataka akae nyumbani na watoto mpaka mambo yatulie. Mzee mmoja wa kanisa amemwambia kuwa Mkristo hagomi. Anauliza: siku hiyo wenzangu wakiwa langoni na matawi ya miti mikononi, nipite katikati yao niingie, au nisimame nao?

Swali hili si la wauguzi pekee. Walimu wanalijua, na akina mama wa viwandani wanalijua. Lakini hospitalini ni zito zaidi, maana kazi yetu ikiachwa kuna mtu amelala pale kitandani.

Je, kugoma ni dhambi?

Tuanze na neno la yule mzee. Sioni katika Maandiko kwamba mfanyakazi akidai haki yake amemkosea Mungu. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:14-15), na Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira uliozuiliwa hufika masikioni mwa Mungu. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Tena mara nyingi tunayoyadai ni ya mgonjwa pia. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, hana glavu wala dawa, anayeumia kwanza ni mgonjwa.

Hata hivyo, Katiba hiyohiyo, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, pamoja na kudai notisi ya siku 7 kwa maandishi, inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma za lazima. Ndiyo maana migomo yetu huishia mahakamani.

Tuliyoyaona

Wengi wenu mnakumbuka mwaka ule. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Miezi haikupita mingi, wauguzi nao wakagoma kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba 2017. Hospitali za misheni zilifurika. Mwenye bima au mume mwenye pesa alikwenda hospitali ya binafsi. Asiye na kitu alibaki nyumbani.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Mkubwa anayekataa kutia sahihi makubaliano hajalala wodini kwetu, na mke wake hajifungulii kwetu. Mgomo unaomlenga yeye humpata kwanza mama wa kijijini.

Shifra na Pua

Katika Kutoka sura ya 1 tunawasoma wakunga wawili, Shifra na Pua, waliokataa amri ya Farao. Walikataa kwa sababu walimcha Mungu, na Mungu akawatendea mema. Lakini tuangalie walikataa nini. Farao alitaka watoto wa kiume wafe, nao wakakataa ili watoto waishi. Kukataa kwao kulikuwa upande wa mtoto.

Dada yangu, hicho ndicho kipimo ninachokupa. Usijiulize tu, "Niko ndani au niko nje?" Jiulize, "Kukataa kwangu kunamlinda nani, na nani atalipa gharama yake?"

Kazi inayoweza kungoja na isiyoweza

Hospitalini kuna kazi nyingi zinazoweza kungoja siku kadhaa: upasuaji usio wa dharura, kliniki nyingi za kawaida, karatasi na mikutano. Zikisimama, mwajiri anasikia.

Kuna kazi zisizongoja. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa 2 asiposaidiwa. Mama mwenye kifafa cha mimba hangoji mazungumzo. Mtoto njiti aliye kwenye oksijeni hangoji. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hangoji. Na anayemeza dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI asipozipata, ugonjwa hurudi na nguvu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama ungekuwa kliniki ya macho, ningekuambia usimame nje na wenzako kwa amani. Kwa kuwa uko leba, nakuambia akina mama wasiachwe peke yao. Lakini namna ya kuingia ni muhimu kama kuingia kwenyewe.

Usiingie peke yako kimyakimya

Muuguzi mmoja aliyeingia peke yake si leba. Akipata mama anayehitaji kupasuliwa, hakuna wa kumlaza usingizi, hakuna wa maabara wa kupima damu. Tena habari zikienea kwamba hospitali imefunguliwa, akina mama watakuja badala ya kwenda kwingine mapema. Huruma isiyopangwa inaweza kuua.

Basi zitumie zile siku 7 za notisi. Nenda kwa viongozi wa tawi la chama chenu na kwa matroni, uombe jambo moja: kikosi cha dharura cha leba, watoto wachanga na majeruhi, chenye majina yaliyoandikwa na zamu za kupokezana, kinachojulikana na pande zote mbili. Ombeni pia wagonjwa waliomo wodini wahamishwe au wakabidhiwe kwa jina, mtu asiachwe na dripu mkononi. Wagomaji wenye busara hulikubali hilo, kwa sababu kifo cha mama mmoja huwaondolea huruma ya wananchi wote.

Wakikataa, na dhamiri yako bado inakuambia uingie, waambie wenzako wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya siku yenyewe. Usipitie mlango wa nyuma. Fanya ya dharura tu, usijaze nafasi zao katika kazi zinazoweza kungoja. Usipeleke majina ya wagomaji ofisini, na usikubali cheo kwa ajili ya siku hizo. Na kama mshahara wako umeingia na wao hawakulipwa, zikumbuke nyumba zao kwa unga na sukari.

Na wewe unayebaki nje, una wajibu wako. Usimzuie langoni mama mwenye uchungu wala gari la wagonjwa. Usimtusi mwenzako aliyeingia. Na tuseme ukweli hata kama unauma: kumkataa mgonjwa hospitali ya kaunti asubuhi, kisha kumtoza pesa kwenye kliniki ya binafsi jioni, hakuwezi kuitwa mgomo wa haki.

Nyumbani

Zungumza na mume wako kabla, watoto wakiwa wamelala. Mwambie yote mawili: ukigoma mshahara unaweza kusimamishwa, na ukiingia unaweza kutishwa njiani. Hesabuni pamoja karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sako. Pangeni nani atakusindikiza zamu ya usiku. Hofu yake kwa ajili yako isikuudhi, ni mapenzi. Lakini naye aelewe kwamba jambo hili liko kwenye dhamiri yako, na akusaidie kulibeba.

Nanyi akina mama msio wauguzi, mkisikia notisi imetolewa, mwenye mimba na aulizie mapema hospitali ya misheni iliyo karibu, aweke nauli kando na amchague wa kumsindikiza. Wenye dawa za kila siku wachukue za kutosha kabla. Na msiwatukane wauguzi kanisani. Jirani yako mwenye sare nyeupe anaweza kuwa amekesha akilia juu ya uamuzi huo.

Mgomo huisha. Siku moja mtaketi tena meza moja ya chai, aliyeingia na aliyebaki nje, na mtapokezana ripoti ya zamu. Mama atakayeletwa usiku huo hatauliza nani alikuwa upande gani. Atahitaji mikono yenu yote miwili ifanye kazi pamoja. Salimianeni siku ya kwanza, msingoje ya pili.

Dada yangu, nakuombea. Bwana akupe hekima, na akulinde unapoingia na unapotoka.